Kadi ya Sauti na Ganda la Mgomba

Jumapili, 7 Septemba

Nimeshinda! Nimemshinda Eliasi mbele ya usharika mzima, mchana kweupe, mchungaji akishuhudia.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka nje ya kanisa, kama kawaida. Mkungu wa ndizi mshare. Mayai. Parachichi kwenye ndoo. Jogoo mmoja mkorofi. Halafu mzee wa kanisa akainua kompyuta ya mezani. Nzima! Kioo chake, boksi lake, waya zake kama utumbo wa mbuzi. Kuna muumini amehama, kaiacha sadaka.  Nikanyoosha mkono. Eliasi akanyoosha wake, kunikomoa tu, maana huyo hata redio hajui kuizima, huifunika blanketi. Nikapanda bei. Akapanda. Nikapanda tena. Mama Prosper, mke wangu, akanivuta koti kwa nyuma. Koti likachanika. Nikapanda hivyo hivyo, nimechanika. Eliasi akakaa. Bei siiandiki hapa, Mama Prosper naye anajua kusoma.

Mchana mazoezi ya kwaya. Mwalimu wetu, Rachel, akatukumbusha kwamba Jumapili ijayo ni jubilei ya usharika. Wageni wanatoka dayosisi. Sisi tutakuwa tunakuja kwa maandamano kutoka barabarani, kwa hiyo wageni wapokelewe na wimbo wetu kwenye spika. Sharti urekodiwe. Eliasi akadakia. Eti mkwe wake ana studio Elerai, huko mjini, twende huko. Na kwa kuwa studio ni ya mkwe, si vibaya yeye Eliasi akaimba ubeti wa kwanza.

Ubeti wa kwanza! Ubeti wangu! Nauimba peke yangu tangu Rachel hajazaliwa. Ni wa Kimeru, baba yangu alinifundisha tukichuma kahawa. Unaanzia chini kuliko mizizi ya mgomba, na hakuna mwingine anayefika huko.

Nikasimama. Nikasema hakuna mtu kwenda Elerai. Kompyuta ninayo. Tutarekodi Jumamosi, sebuleni kwangu. Rachel akasema sawa babu, mashine ikiwa tayari Jumamosi, ubeti ni wako. Isipokuwa tayari, tunapanda gari kwenda Elerai na ubeti anaimba mzee Eliasi.

Eliasi akauliza, kwa sauti ili wote wasikie, kama hiyo kompyuta itafanya kazi vizuri kama mlango wa choo chake. Kwaya nzima ikacheka, na masoprano ndiyo zaidi. Maelezo: mlango wa choo cha Eliasi niliutengeneza mimi, nilipokuwa fundi seremala. Wanasema ni mfupi. Si mfupi. Magoti yake ndiyo yako juu.

Jumatatu, 8 Septemba

Mashine inawaka! Nimeiwasha mwenyewe, mimi wa darasa la nne. Darasa la nne la zamani, siyo hili la siku hizi ambalo mtoto anamaliza hajui hata kunoa panga.

Tatizo dogo. Ni bubu.

Nimechomeka maiki ya kanisa, nikaimba. Kwenye kioo kuna mstari unaotakiwa kurukaruka mtu akiimba. Umelala chali kama mjusi aliyekufa. Nikachomeka spika. Kimya. Nikalipiga boksi kofi. Kimya.

Jioni Rachel akapita kuangalia. Akasema matundu ya sauti yameungua, labda radi. Inahitaji kadi ya sauti, inayochomekwa ndani. Tukafungua boksi. Vumbi, na buibui mmoja aliyejenga. Chini kuna sloti tatu, mianya ya kuchomekea kadi: moja ndefu nyeusi, mbili fupi. Rachel akasema tahadhari babu, sloti hazifanani. Mashine za zamani zina zao, nyeupe. Za siku hizi ni nyeusi. Kadi ya huku haiingii kule, hata urefu ukikaribiana. Akasema atapiga picha kwa simu niipeleke dukani, au nibebe boksi lenyewe.

Nikacheka kwa heshima. Nikamwambia mjukuu wangu, fundi hapeleki picha. Fundi anapeleka kipimo.

Alipoondoka nikaenda shambani. Nikachana ganda bichi la mgomba, jembamba, safi, linatoa maji. Nikalilaza juu ya ile sloti ndefu. Fundo huku, fundo huku. Baba yangu alipima hivyo. Nusu ya milango ya hapa kijijini Maji ya Chai nimeipima hivyo. Futi ya dukani hudanganya, mgomba haudanganyi.

Mama Prosper alipita na ndoo. Akaangalia ganda, akaniangalia mimi, akaenda zake. Huko kuangalia kwake sikupendi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda mjini. Ganda nimelifunga kwenye kofia, juu kabisa, watu waone. Gari lilichelewa. Jua kali barabarani, vumbi, upepo mkavu. Nilisimama asubuhi nzima kama mlingoti. Mtu mmoja akauliza kama hiyo kamba ni ya matambiko. Nikamwambia ni ya teknolojia.

Duka lipo Engutoto, limejaa mashine zilizofumuliwa. Muuzaji ni mwanamke, Hafidha, mama wa makamo, bisibisi imechomekwa kwenye mtandio kama kalamu. Akanipa shikamoo nzuri tu. Nikajua tutaelewana. Hatukuelewana.

Akauliza mashine ni ya mwaka gani. Nikasema ni ya Jumapili. Akauliza sloti ni nyeupe au nyeusi. Nikasema mimi sikuja kununua rangi, nimekuja kununua kadi. Akauliza nina picha? Nikavua kofia, nikafungua ganda, nikaliweka mezani taratibu. Akalitazama muda mrefu. Akaita mwenzake wa duka la pili aje aone. Sifa hizo!

Hafidha akanitolea kadi. Zenye meno mafupi nikazikataa. Kisha nikaona moja kwenye kabati la chini, kubwa, meno marefu ya dhahabu. Nikalaza ganda. Fundo hapa, fundo pale. Sawasawa! Hata unywele haupiti!

Akasema babu, hiyo ni ya zile mashine za zamani zenye sloti nyeupe, una hakika? Nikamwambia mwanangu, kipimo kimesema. Akasema basi nenda nayo, ikikataa nirudishie nikubadilishie, ila usiikwaruze. Akarudia mara mbili: usiikwaruze, na tafadhali usiipige tupa. Sijui kwa nini alinitazama mikono.

Nimerudi na kadi kifuani. Nilipita mlangoni kwa Eliasi makusudi. Nikakohoa besi.

Jumatano, 10 Septemba

Haiingii.

Nimejaribu kwa upole. Nimejaribu kwa nguvu. Nimejaribu kwa sala. Meno ya kadi na sloti vinatazamana kama wakwe waliogombana. Pengo la kadi liko huku, kizuizi cha sloti kiko kule.

Nimelaumu Hafidha. Kabadilisha kadi nikiwa natafuta miwani! Mama Prosper akasema leta lile ganda. Akalilaza kwenye sloti. Ganda fupi! Limekauka limekuwa kama kamba ya kiatu, na mafundo hayafiki. Mama Prosper akakaa chini. Nikadhani anaumwa. Alikuwa anacheka. Alipopata pumzi akasema Baba Prosper, hata wanaosuka vikapu hukausha ganda kwanza! Umelipima bichi, umelivalisha jua mpaka mjini, lisinywee kwa nini? Halafu akainuka ghafla. Akaangalia mlango wa jikoni. Akaangalia mlango wa stoo. Akaangalia mlango wa banda la kuku, ambao kuku hupita chini bila kuinama. Akasema, kumbe!

Nikamwambia hakuna kumbe. Sloti ndiyo imetanuka. Chuma kikipata joto kinatanuka, hilo hata wazungu wanajua. Akasema sloti ni ya plastiki. Nikatoka nje kuangalia ng'ombe.

Ng'ombe wako salama.

Eliasi alikuja jioni kuazima shoka. Shoka analo. Akauliza habari za kadi. Nikamwambia nimeiacha izoee hali ya hewa ya mlimani, imetoka mjini. Akasema ndiyo, naona, na wewe mwenyewe unaonekana hujazoea.

Alhamisi, 11 Septemba

Usiku nimepata akili. Mlango usipoingia kwenye fremu, fundi anafanya nini? Analia? Anapiga simu kwa Rachel? Anachukua randa! Kadi ni nini? Ni mlango mdogo.

Randa ni kubwa mno. Nimechukua tupa.

Nimepiga tupa upande wa kushoto. Haijaingia. Nimepiga upande wa kulia. Haijaingia. Nimeongeza pengo jipya kwa msumeno mwembamba, palepale kilipo kizuizi. Kazi safi ya mkono. Vumbi la dhahabu mezani! Nimelikusanya kwenye kibiriti, huwezi kujua.

Haijaingia.

Mazoezi ya kwaya jioni. Rachel akauliza tumefikia wapi. Nikasema imebaki kuchomeka tu. Ambayo ni kweli! Eliasi akasema mkwe wake ameshapangusa studio na anauliza tuna mabesi wangapi, au aandae kwa mmoja. Watu wakanitazama. Tulipoimba, Rachel akamwambia Eliasi ajaribu ubeti wa kwanza, kwa tahadhari tu. Kwa tahadhari! Nilisimama pale na mikono mfukoni nikimsikiliza mtu mwingine akiimba maneno ya baba yangu. Hafiki chini. Anakaribia, lakini hafiki.

Sikula jioni. Nilikula kidogo. Nilikula.

Ijumaa, 12 Septemba

Mbinu mpya. Kurudisha kadi kwa Hafidha kabla hajagundua.

Nimepaka dawa nyeusi ya viatu palipopigwa tupa. Nikapangusa kwa kitambaa. Inang'aa kuliko ilivyonunuliwa! Mama Prosper akasema anakuja pia, ana parachichi za kuuza. Sikumwalika.

Hafidha akaishika kadi, akainusa. Akauliza babu, hii kadi inakwenda harusini? Akaipitisha kidole, kidole kikatoka cheusi. Mama Prosper akaangalia dari. Hafidha akasema kwa huruma kabisa kwamba hii sasa hairudi kwenye kabati, hii ni marehemu. Na kadi za sloti fupi, ambazo ndizo zingefaa, zimekwisha mpaka wiki ijayo.

Wiki ijayo! Jubilei ni keshokutwa!

Akasema lakini usihangaike. Akatoa kidude. Nasema kidude! Kidogo kama kupe aliyeshiba, kina matundu mawili. Eti hiki hakina haja ya sloti wala kufungua boksi. Unakichomeka nje, nyuma ya boksi, kwenye tundu la flashi. Maiki inaingia kwenye kidude, spika inaingia kwenye kidude, sauti inapatikana.

Nikamuuliza kama amewahi kusikia besi. Besi ya kweli, ya Kimeru. Sauti kama yangu ipite kwenye kupe? Itakwama! Nikamwambia asante, mimi nina kadi kubwa, nitaiweka mwenyewe. Nikachukua kadi yangu, nikatoka kwa heshima. Nilimsubiri Mama Prosper barabarani muda mrefu sana. Akasema alikuwa anauliza bei ya chaja. Nikaona kapu limepungua parachichi.

Jioni nimeiweka kadi! Haikuingia kwenye sloti, lakini lile bati lake la pembeni linakaa vizuri kabisa kwenye dirisha la nyuma ya boksi. Nimeifunga hapo kwa ganda la mgomba, mafundo matatu. Inaning'inia juu ya sloti kama nyama buchani. Karibu sana na sloti. Sauti itaruka hapo katikati, umbali ni mdogo.

Mama Prosper akanitazama nikifunga boksi. Akasema nenda kalale Baba Prosper, mimi nitapangusa vumbi.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi nikakuta Mama Prosper amelivika boksi kile kitambaa kikubwa cha kufuma, cha kufunikia redio, kimeshuka mpaka mezani nyuma. Waya wa maiki anao mkononi, eti ameshauchomeka kunisaidia. Akasema mtu asiguse kitambaa, ni cha harusi yetu.

Kwaya ikafika. Wakajaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye magunia ya kahawa. Eliasi akasimama mlangoni amekunja mikono, amevaa koti la safari ya Elerai. Rachel akakaa mbele ya kioo. Akasema haya, kohoeni. Tukakohoa.

MSTARI UKARUKA!

Ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa! Tukaimba viitikio vyote na beti nyingine, Rachel akafungulia spika tusikie. Sisi! Sauti zetu! Mama mmoja wa alto akalia. Nikamtazama Eliasi. Akavua koti. Akaja akanipa mkono, akasema ndugu yangu, hapa umenifunga, hongera. Nikamwambia siri ni kipimo. Nikawaeleza kuhusu ganda la mgomba. Rachel alikunja uso, lakini mstari si ulikuwa unaruka? Mama Prosper alikwenda jikoni akiwa na kikohozi.

Ukabaki ubeti wangu. Nikawaomba wote watoke nje wakale loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, maana besi inahitaji nafasi. Rachel akanionyesha kitufe chekundu cha kubonyeza, akatoka.

Nikaona kile kitambaa kinaziba mashine pumzi. Nikakiinua nyuma.

Kupe!

Kidude cha Hafidha! Kimejibana nyuma ya boksi langu, kimemeza waya wa maiki na waya wa spika! Nani kakileta, sihitaji kuandika. Fedheha gani hii! Kadi yangu inafanya kazi yote ndani, kupe anakaa nje anavuna sifa! Nikaking'oa. Nikakitia mfukoni. Nikachomeka maiki pale panapostahili, kwenye kadi yangu.

Nikabonyeza chekundu. Nikafumba macho. Nikaimba ubeti kama baba yangu ananisikia kutoka kwenye mistari ya kahawa. Sijawahi kufika chini vile. Vikombe vilitetemeka kabatini. Huko nje watu waliacha kutafuna, wamekiri wenyewe.

Nilipofumbua macho, mstari ulikuwa umelala chali. Kwa heshima.

Nikashusha kitambaa. Rachel akaja akataka tusikilize. Spika kimya. Nikamwambia mashine imechoka, imebeba mzigo mzito. Akataka kuinua kitambaa, nikakikalia pembe, nikamkumbusha ni cha harusi. Akatazama saa, kanisa bado halijapambwa. Akaona kwenye kioo wimbo umeandikwa jina na dakika zake, akahamisha vyote kwenye flashi, akaondoka mbio.

Ubeti ni wangu. Eliasi ametengenezewa chai na ameinywa.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kwa kifupi.

Maandamano yalipendeza. Tarumbeta mbele, kwaya nyuma, wageni wamekaa. Tulipofika getini tarumbeta zikanyamaza, spika zikafunguliwa kwa ubeti wangu.

Kimya.

Si kimya kidogo. Kimya cha ubeti mzima, na ndiyo kwanza kimeanza. Nasikia kuku wa jirani. Wageni wakatazamana, kisha mmoja akainamisha kichwa, na wengine wote wakainamisha, wakidhani ni sala ya kuwakumbuka waliotangulia. Mchungaji naye akainamisha. Mimi nilibaki nimesimama mdomo wazi katikati ya njia, koti lililoshonwa, nimeshindwa kutoa hata sauti niliyozaliwa nayo.

Ndipo mtu akauanza ubeti kwa mdomo wake, nyuma yangu. Eliasi. Hakusogea mbele. Aliimba palepale alipokuwa, taratibu, kwa Kimeru safi, mpaka mwisho, na kiitikio kikaitika kutoka kwenye spika kana kwamba tulipanga. Wageni walifuta macho. Aliimba vizuri. Hili nitalifuta.

Baada ya ibada akanifuata kwenye mnada. Akasema mzee mwenzangu, ubeti ni wako, nimeushika tu usidondoke njiani, Krismasi uje uuchukue. Nikamjibu kwamba mlango wa choo chake sitauongeza bure. Akacheka, akanunua mkungu, akaniwekea nusu.

Rachel amekubali turekodi tena kabla ya Krismasi. Kwa hiyo nimekaa nikatafakari kosa liko wapi. Nimeliona. Ni kupe! Alinyonya tangu asubuhi, na nilipomng'oa hapakuwa na tone la sauti lililobaki. Na kadi yenyewe ilikuwa ndogo mno kwa besi yangu. Inatakiwa kubwa zaidi.

Nimeshachana ganda lingine. Hili halitasinyaa, maana safari hii nimelilowesha kwenye ndoo na nitalibeba mjini likiwa majini. Mama Prosper ameuliza, je, likivutika? Nimelitazama sasa hivi. Limevutika kidole kizima.

Vizuri sana. Kadi itakuwa kubwa.